Kaskazi Imeingia: Maneno ya Kufungua Matembezi ya Kiangazi

Maneno haya yalisemwa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi huko Gede, Kaunti ya Kilifi, mwishoni mwa Novemba, kabla ya kuanza kwa matembezi ya kutazama ndege na wadudu. Yamepangwa upya kidogo ili yasomeke.

Mzee mwenyekiti, walimu wetu, kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: walio wakubwa shikamooni, na walio wadogo hamjambo.

Kila mwaka huulizwa swali lile lile, nalo ni kwa nini tunayachagua matembezi yetu kuwa ya miezi ya jua kali, kuanzia Desemba hadi Machi, wakati ambapo hata kuku hutafuta kivuli na mtu mwenye akili zake timamu hukaa chini ya mwembe. Mwaka huu niliamua nisijibu kwa mkato kama nilivyozoea, bali niwaeleze jambo lenyewe kwa nafasi, kwa maana nadhani anayeelewa sababu ya kutoka nje wakati huu hatalalamika juu ya jasho, na hata akilalamika atalalamika akiwa ameshika darubini.

Sababu ni upepo. Watu wa pwani hii hawahitaji kufundishwa kwamba kaskazi ikianza kuvuma bahari hubadilika, na kwamba kwa karne nyingi upepo huo ndio ulioleta majahazi kutoka Omani, Ghuba na Bara Hindi, yakashusha tende na mazulia, yakangoja miezi kadhaa, kisha kusi ilipogeuka yakarudi kwao yamebeba boriti za mikoko. Hayo tumeyasikia kwa babu zetu na tumeyasoma shuleni. Tusichosimuliwa sana ni kwamba kaskazi hiyo hiyo ina abiria wengine, ambao hawalipi nauli wala hawatii nanga, na ambao wengi wetu tumewapita leo asubuhi tukija hapa bila kuwatazama mara mbili.

Chukueni mfano wa kereng'ende. Nilipofika hapa saa moja na nusu asubuhi niliwakuta juu ya uwanja wa mpira, wale wa rangi ya manjano iliyopauka, wakizunguka kwa urefu wa kichwa cha mtu, hawatui, wanaelea tu kama wanaotafuta kitu walichokidondosha. Huyu ndiye ambaye wataalamu humwita Pantala flavescens. Bawa lake la nyuma ni pana sana pale linapoungana na mwili, na upana huo ndio unaomwezesha kukaa hewani kwa muda mrefu huku akipiga mabawa kidogo tu. Mwaka 2009 mtafiti wa viumbe wa baharini aitwaye Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika juu ya jambo lililomshangaza: kila Oktoba kereng'ende hawa hujaa katika visiwa vile, ilhali visiwa vyenyewe havina mito wala mabwawa ya maji baridi ambamo wangeweza kutaga na kukulia. Hoja yake ilikuwa kwamba wanatoka Bara Hindi, wanapanda upepo wa juu unaoelekea kusini-magharibi, wanavuka bahari nzima na kutua Afrika Mashariki wakati wa mvua za vuli, kisha wajukuu na vitukuu vyao hurudi kwa upepo wa upande wa pili. Aliikadiria safari yote ya kwenda na kurudi kuwa kati ya kilomita 14,000 na 18,000, ikikamilishwa na vizazi vinne hivi. Mdudu wa urefu wa kidole cha mtoto! Nami kwa miaka mingi nilidhani anazaliwa kwenye dimbwi lililo nyuma ya posho mill. Inawezekana baadhi yao kweli wamezaliwa hapo, kwa sababu akifika hutaga katika madimbwi ya mvua, na watoto wake hukua haraka sana kabla dimbwi halijakauka.

Nyuma ya kereng'ende huja kozi wa Amur. Ni ndege mdogo wa jamii ya kozi, dume lake la kijivu cha mvua lenye miguu myekundu, anayezaliana huko Siberia ya mashariki na kaskazini mwa Uchina. Mwezi wa Oktoba hukusanyika kwa maelfu mengi mno katika jimbo la Nagaland nchini India, na baadhi yao waliofungwa vifaa vya setilaiti kuanzia mwaka 2013 walionekana wakiivuka Bahari ya Arabia bila kutua popote, wakafika Afrika Mashariki kisha wakaendelea kusini. Ndege wa nchi kavu hawezi kushuka kuvua samaki katikati ya bahari, kwa hiyo Anderson na wengine wamependekeza kwamba huenda njiani wanakula kereng'ende wale wale wanaosafiri pamoja nao. Mimi hupenda hoja hiyo kupita kiasi, nakiri, kwa sababu inafanana na hadithi za mabaharia waliobeba mbuzi wao chomboni.

Na akija keremkerem ndiyo kabisa. Kuanzia Novemba tunawapata keremkerem wekundu wanaotoka upande wa kaskazini, ambao kutwa nzima huwinda juu ya mashamba yetu, na jioni hurudi kwa makundi kulala kwenye mikoko ya Mida. Mtazame mmoja akiwa juu ya waya wa umeme. Atamshika nyuki au kereng'ende hewani, atarudi pale pale alipoondoka, atampigapiga mdudu kwenye waya upande huu na upande huu, na kama ni nyuki atamsugua mkia mpaka sumu itoke, ndipo ammeze. Basi mtu akiniuliza kama matembezi yetu ni ya ndege au ya wadudu, humjibu kwamba hata ndege mwenyewe hajui kuyatenganisha. Ndiyo maana safari hii tumeondoa ule utaratibu wa zamani wa kuwapeleka wapenda ndege siku moja na wapenda vipepeo siku nyingine. Daftari ni moja, lina safu mbili.

Sasa niseme juu ya Mida, kwa kuwa ndiko tutakakoanzia, na kwa kuwa ndiko nilikowahi kuaibika.

Hori la Mida limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, limezungukwa na mikoko, na maji yakitoka huacha tope na mchanga mahali pakubwa ambapo ndege wa ufukweni hujipatia chakula. Kuna sululu mwenye mdomo uliopinda kama mundu, kuna vitwitwi wa kila namna, na wapo wadogo wa gramu 60 hivi waliotaga mayai yao mwezi Juni karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia, huko Siberia, ambako jua halizami. Lakini ninayemngojea mimi kila mwaka ni yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi uliotengenezwa kwa kazi moja tu, kuvunja kaa, ndiyo maana Waingereza humwita crab plover. Huyu hazaliani Siberia. Kwao ni pwani za Omani, Ghuba na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe humo ndani, ili kulikinga na joto. Akishalea kinda lake huja huku pamoja nalo, na mkiwa na subira mtaliona kinda hilo la kijivu, ambalo limeshakuwa kubwa kama mamaye, likimfuata nyuma na kulilia kaa hadi mwezi wa Januari. Nimewaona wazazi wa aina hiyo hata miongoni mwa binadamu.

Maji ndiyo yanayoamua saa ya kwenda. Siku za bamvua, yaani za maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa karibu mita nne, na wakati mzuri wa kuwa kwenye lile daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko ni saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, kwa sababu maji yanayoingia huwasukuma ndege kidogo kidogo kuelekea ulipo, wewe ukiwa umekaa kimya ndani ya kibanda. Mwaka juzi nilipewa jukumu la kusoma jedwali la maji. Jedwali liliandika kwamba maji yatajaa 04:12, nami, kwa mazoea ya ulimi wetu, nikasoma saa nne na dakika kumi na mbili, kumbe ni saa kumi alfajiri. Tulifika darajani watu thelathini na wawili, saa nne kasorobo asubuhi, tukakuta bahari imekwenda zake, tope limetanda mpaka macho yanapoishia, na ndege wako ng'ambo wanaonekana kama punje za mtama zilizomwagika. Mtoto mmoja aliniuliza kwa adabu kama ndege wale wametengenezwa wadogo hivyo au wamesimama mbali. Tangu siku hiyo jedwali husomwa na watu wawili, na mimi si mmoja wao.

Msitu ni habari nyingine kabisa. Arabuko-Sokoke, ambao wengi wenu mnaupita kila mkienda Kilifi au Malindi, una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Umehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1943. Una sehemu tatu zisizofanana, ile ya miti mchanganyiko, ile ya miti iitwayo mirihi, iliyo wazi na yenye mchanga mweupe, na ile ya vichaka vizito vilivyosimama juu ya udongo mwekundu, na kila sehemu ina wenyeji wake ambao hawavuki kwenda kwa jirani kirahisi. Hatuingii humo wenyewe. Kuna tembo, na tembo hana habari kwamba wewe ni mwanachama wa kundi letu la matembezi. Tutaongozana na waongozaji wa msitu na tutalipa ada langoni kama watu wengine.

Katika udongo huo mwekundu anaishi bundi mdogo wa Sokoke. Najua baadhi ya wazee hapa wamejisogeza kitini niliposema bundi, na sitawabishia. Nami nililelewa katika nyumba ambayo bundi akilia juu ya paa watu hunyamaza. Lakini huyu haji juu ya paa la mtu. Urefu wake haufiki sentimita 20, ana rangi ya kijivu au ya kutu, na mchana hulala kwenye vichaka vya chini, mara nyingi wawili wamebanana bega kwa bega, wamefumba macho, usiweze kuwatofautisha na jani lililokauka hata ukiwa hatua tatu tu kutoka walipo. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1966. Ukiacha msitu wetu na sehemu nyingine chache za pwani ya Kenya, anapatikana tu katika nyanda za chini za Usambara ya Mashariki, Tanzania. Mtu yeyote atakayemwona pamoja nasi atamwona kwa dakika chache, kutoka mbali kidogo, bila tochi ya machoni na bila kumchezea mlio wake kwenye simu. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu tulikutana na wageni waliofanya hivyo. Waliupiga mlio ule mara nyingi mfululizo mpaka ndege yule akaanza kuruka tawi hadi tawi akimtafuta adui ambaye hayupo, na wao wakafurahi kwamba wamepata picha.

Vipepeo nao wana nyakati zao, na lazima niwe mkweli: Februari si mwezi wao. Wengi hupatikana baada ya mvua, ndiyo sababu tumeweka matembezi yao mawili mwanzoni mwa Desemba, wakati vuli haijakauka ardhini. Hapa Gede hakuna haja ya kumweleza mtu thamani ya kipepeo. Tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, ulio pale kwenye magofu, umekuwa ukinunua pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ili wageuke vipepeo, kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuwauza kwenye mabanda ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, na wapo humu ukumbini wazazi waliolipa karo kwa viwavi. Wao watatufundisha ile mbinu ya ndizi zilizooza: unaziponda, unaziacha zichachuke siku mbili tatu, unazitundika kwenye chombo chini ya mti, na wale vipepeo wakubwa wenye nguvu, ambao hawajali maua hata kidogo, hushuka wenyewe kutoka juu kabisa ya msitu wakaja kunywa kama walevi wa mnazi.

Hata hivyo ningependa kila mtoto aanze nyumbani, kwenye mlimau. Geuza majani machanga na utafute kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe, kibichi kwa kutazama. Usikipanguse. Mguse taratibu kwa ncha ya kijiti, na nyuma ya kichwa chake zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na utasikia harufu kali. Ni kiwavi, anakufukuza. Baada ya siku kadhaa atajivua, awe wa kijani chenye michirizi, awe mnene kama kidole, ale majani ya mama yako bila huruma, kisha ajifunge kwenye kijiti. Msimwambie mama kwamba ni mimi niliyesema mumwache. Na mkiwa hapo hapo tazameni juu, kwenye mwembe au mnazi, muone majimoto walivyoshona majani kuwa nyumba. Wanashona kwa uzi wanaoutoa kwa watoto wao wenyewe, kwa maana mkubwa hana uzi. Humshika buu mdomoni na kumpitisha kutoka ukingo wa jani hadi ukingo wa jani. Wakwezi wanawachukia, na nimewaelewa kwa ngozi yangu mwenyewe, lakini majimoto ndio wanaomzuia yule kunguni wa mnazi anayefyonza madafu machanga mpaka yakaanguka. Kuhusu vunjajungu nitasema tu kwamba nimewashika wengi na vyungu vya nyumbani kwangu ni vizima.

Jambo la mwisho ni daftari, na hapa ndipo ninapoomba mnivumilie zaidi. Tumekuwa watu wa kuona sana na kuandika kidogo. Mzee mmoja ataniambia kwamba zamani keremkerem walikuwa wengi mara kumi, mwingine wa rika lake atasema hawajapungua hata mmoja, na wote wawili nawaheshimu, lakini hakuna hata mmoja aliyehesabu. Sisi tutahesabu. Tutaandika tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, na kila aina ya ndege kwa mfuatano tulivyomwona, pamoja na kunguru. Nasisitiza kunguru, kwa kuwa orodha yenye ndege wa ajabu peke yao ni orodha ya majivuno. Kuna mradi wa kitaifa wa ramani ya ndege, ulioanza mwaka 2013, uliogawanya nchi katika vipande vya kilomita 9 hivi kwa 9, na orodha kamili inayopokelewa humo ni ile iliyofanywa kwa muda usiopungua saa mbili. Saa mbili tunaziweza. Nairobi wako watu wanaokutana kila Jumatano asubuhi kutazama ndege tangu mwaka 1971, matembezi yaliyoanzishwa na Bi Fleur Ng'weno, na ukitaka kujua ni ndege gani waliokuwa katika kitongoji fulani cha mji ule kabla ya ghorofa, wao wanayo karatasi.

Anayedhani kwamba kila kitu kimeshagunduliwa na wasomi, nitampa habari ya mnana mmoja wa kwetu, ambaye kwa Kiingereza huitwa Clarke's weaver, mweusi mgongoni na wa manjano tumboni, ambaye haishi popote duniani isipokuwa Kaunti hii ya Kilifi. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1913. Watu walikuja kutoka nchi za mbali wakamwona kwenye mirihi ya Arabuko-Sokoke, wakamwandika, wakampiga picha, na miaka ikapita bila ya mtu wa sayansi kujua anajenga wapi. Kiota chake kilipatikana mwaka 2013, miaka mia kamili baadaye, huko Dakatcha, eneo la misitu kaskazini mwa kaunti yetu, na hakikuwa juu ya mrihi kama wengi walivyotarajia bali kwenye nyasi za kinamasi kinachojaa maji ya mvua, mahali ambapo wachungaji wamepita na ng'ombe wao tangu zamani. Wenyeji wa Dakatcha walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakimtafuta. Sijui kama mnaisikia habari hii kama ninavyoisikia mimi.

Basi, mipango. Jumamosi ijayo tutakwenda Mida, na wasomaji wa jedwali, wote wawili, wamethibitisha kwamba maji yatajaa saa kumi jioni, kwa hiyo tutakuwa darajani saa saba mchana. Kila mtu aje na kofia, maji ya kunywa, viatu visivyoogopa tope, na nguo isiyong'aa. Wenye kanga nyekundu wazifunike kidogo tukifika kibandani. Darubini tunazo saba, zitazunguka. Jumamosi ya pili ni vipepeo, na anayeweza alete ndizi zilizoharibika, ambazo naomba zifungwe vizuri kwa sababu ya wale watakaosafiri nazo ndani ya matatu. Usiku ule ambao mwezi utakuwa umefichama tutatandika shuka jeupe kwenye uwanja huu, tuweke taa nyuma yake na kuhesabu nondo mpaka saa nne. Wazazi wa watoto wadogo watakaribishwa kukaa nao, na chai itakuwepo.

Daftari hili hapa nimelinunua jana, lina kurasa 96, na ukurasa wa kwanza nimeshauanza leo kabla hamjafika: "Uwanja wa mpira, saa 1:30 hadi 1:50 asubuhi. Kereng'ende wa manjano, zaidi ya arobaini, hawatui. Mbayuwayu sita juu yao. Kunguru wanne. Upepo mwepesi, kaskazini-mashariki." Namkabidhi binti aliyekaa karibu na mlango, kwa kuwa nimemwona tangu nianze kusema akitazama nje dirishani badala ya kunitazama mimi, na ningependa aniandikie chini yake alichokuwa akikitazama.